Je, Ni Kosa Kuipenda Albamu ya Nyimbo za Watu Wengine? Jibu kwa Msikilizaji wa Nanci Griffith

Swali: "Mwalimu, mimi si mjuzi wa muziki, ni msikilizaji wa kawaida tu. Nimekulia Nakuru, katika nyumba ambamo kila Jumapili baada ya ibada baba alikuwa akitupigia kanda za Jim Reeves na Kenny Rogers, na hiyo ndiyo kantri niliyoijua. Hivi karibuni jirani aliyekuwa akihama aliniachia sanduku la CD, na ndani yake nikakuta Other Voices, Other Rooms ya Nanci Griffith, ya mwaka 1993. Nimeipenda mno. Lakini rafiki yangu mpiga gitaa ananiambia kwamba hiyo si kazi ya Griffith hata kidogo, ni kopi tupu ya nyimbo 17 za watu wengine, na kwamba msikilizaji makini huanza na wenye nyimbo zao. Nimejaribu. Nimemsikiliza Townes Van Zandt akiimba Tecumseh Valley mwenyewe, na kusema kweli nilimpenda Griffith zaidi. Je, masikio yangu ni mabovu? Je, mwimbaji wa namna hii hali jasho la wenzake? Na ule wimbo wa mwisho, Wimoweh, si ndio wa simba tunaoujua sote? Ulifikaje huko? Mwisho, binti yangu ni mwanakwaya na anatamani kurekodi wimbo mmojawapo wa albamu hii. Anaruhusiwa?"

Ndugu yangu, nimelisoma swali lako zaidi ya mara moja, kwa sababu chini ya maswali manne uliyoyauliza naona kuna wasiwasi mmoja: unaogopa kwamba umependa kitu cha bandia, na kwamba kukipenda kwako kunawadhulumu watu usiowajua. Wasiwasi huo ni wa mtu mwenye heshima kwa kazi za wengine, nami nisingependa uuache. Ningependa tu kuuelekeza mahali pake, kwa maana rafiki yako amegusa jambo la kweli ila amelishika upande usiofaa.

Tuanze na hilo neno kopi. Katika masikio yetu ya Afrika Mashariki neno hilo lina harufu mbaya, na kuna sababu. Bendi zetu za dansi zilijengeka juu ya desturi ya kutunga: mtunzi alikuwa ndani ya bendi, mara nyingi ndiye aliyeimba, na bendi iliyopiga nyimbo za wengine ilionekana ni bendi ya hotelini inayowaburudisha wageni. Halafu zikaja kanda za wizi sokoni, na kopi ikawa jina la kitu kilichoibwa. Mtu aliyelelewa katika hali hiyo akisikia kwamba albamu nzima ni nyimbo za kurudiwa, huona mara moja kwamba amedanganywa.

Lakini muziki uliokuwa ukisikika nyumbani kwenu Jumapili ulijengwa kwa namna nyingine. He'll Have to Go, wimbo ambao pengine ndio uliomfanya Jim Reeves awe mtu wa nyumbani katika nchi zetu, haukutungwa na Reeves. Ulitungwa na Joe Allison na mkewe Audrey, na aliyetangulia kuurekodi, mwaka 1959, ni mwimbaji aitwaye Billy Brown. The Gambler, ambao sidhani kama kuna Mkenya wa umri wa baba yako asiyeweza kuuimba kiitikio chake, ni wa kijana mtunzi aitwaye Don Schlitz, na ulikuwa umekwisha kurekodiwa kabla Kenny Rogers hajautoa mwaka 1978. Kwa hiyo nyimbo za kurudiwa hukuanza kuzipenda juzi. Umelelewa nazo. Mjini Nashville, makao ya muziki wa kantri huko Marekani, kazi hizi mbili ziligawanywa tangu zamani: kuna watu ambao riziki yao ni kutunga, wakipeleka nyimbo zao kwa makampuni ya uchapishaji, na kuna waimbaji ambao riziki yao ni kuchagua wimbo unaowafaa na kuufikisha kwa watu. Hakuna aliyeona aibu katika mpango huo.

Jambo linaloitofautisha albamu uliyonayo ni kwamba Nanci Griffith hakuwa mwimbaji wa kuomba nyimbo. Alizaliwa Texas mwaka 1953 na alikuwa mtunzi kwanza, tena mtunzi mzuri. Mwaka 1986 mwimbaji wa kantri Kathy Mattea alipata mafanikio makubwa kwa Love at the Five and Dime, wimbo ambao Griffith aliutunga na kuurekodi mwenyewe kabla yake. Mwaka uliofuata Griffith naye akarekodi From a Distance wa Julie Gold, wakati Gold akiwa bado ni katibu muhtasi katika ofisi moja ya New York na hakuna aliyemjua. Miaka mitatu baadaye Bette Midler aliuimba wimbo huohuo ukazunguka dunia nzima, hata makanisani kwetu, na mwaka 1991 Gold akapewa Grammy ya wimbo bora wa mwaka. Watu wengi hawajui kabisa kwamba Griffith alitangulia. Basi mwanamke huyu aliyajua mambo haya kwa pande zote mbili: amewahi kuona wimbo wake ukikua mdomoni mwa mwingine, na amewahi kuubeba wimbo wa mwingine hadi ukaonekana. Alipoamua, akiwa na umri wa karibu miaka 40, kuweka kando nyimbo zake na kurekodi 17 za wengine, akisaidiana na mtayarishaji Jim Rooney, alikuwa anataja hadharani watu waliomfundisha kutunga.

Na aliwaita. Hilo ndilo ningependa rafiki yako alifikirie. John Prine mwenyewe anaimba pamoja naye katika Speed of the Sound of Loneliness, wimbo ambao Prine aliutoa mwaka 1986. Bob Dylan anapuliza harmonika katika Boots of Spanish Leather, wimbo wake Dylan wa mwaka 1964. Arlo Guthrie, mtoto wa Woody Guthrie, anaimba naye huo Tecumseh Valley, na katika albamu hiyohiyo umo Do Re Mi wa baba yake Arlo, kuhusu maskini waliokimbia ukame katika miaka ya 1930 wakafika mpakani mwa California na kuelezwa kwamba wasio na fedha warudi walikotoka. Emmylou Harris na Iris DeMent wamo pia. Mtu anayeiba haalikwi na wenye mali, wala yeye hawaaliki.

Uchaguzi wenyewe ni utunzi wa aina yake. Soma orodha ya nyimbo bila kuipiga CD, uone mambo yanavyojirudia. Across the Great Divide ni wa Kate Wolf, mtunzi wa California aliyefariki mwaka 1986 kabla hajasikika sana nje ya jimbo lake, na unahusu mtu anayeyatazama maisha yake akiwa ameshavuka kilele. Boots of Spanish Leather ni mazungumzo ya wapendanao wawili, mmoja akisafiri kwa meli. From Clare to Here, wa Mwingereza Ralph McTell, ni kilio cha vibarua wa Kiairishi wanaolala chumba kimoja jijini London na kupima umbali wa kwao kwa mambo wanayoyakosa. Tom Paxton, katika wimbo wake, anauliza anaelekea wapi. Gordon Lightfoot wa Kanada ana mwanamuziki aliyekwama barabarani kwenye baridi. Karibu kila mtu katika albamu hii ameondoka mahali, au ameachwa na aliyeondoka. Nyimbo hizo zilitungwa na watu ambao wengi wao hawakuwahi kuketi meza moja, kwa miaka mingi, katika nchi zaidi ya moja. Aliyegundua kwamba zinazungumza ni Griffith. Jina la albamu lenyewe, yaani Sauti Nyingine, Vyumba Vingine, amelichukua kwenye riwaya ya Truman Capote ya mwaka 1948, na linawataja wenye sauti hizo tangu jaladani.

Umeiita albamu ya kantri, na sikulaumu, kwa kuwa magitaa na zeze za Nashville zimo. Lakini redio za kantri za wakati ule hazikumpa Griffith nafasi kubwa, na tuzo ya Grammy ambayo albamu hii ilishinda mwaka 1994 ilikuwa ya muziki wa folki wa kisasa, yaani nyimbo za masimulizi na gitaa zenye mizizi katika mapokeo ya watu wa kawaida. Jina Americana, yaani muziki wenye mizizi ya kantri na folki, ambalo leo ungelikuta juu ya rafu ya CD kama yako, lilianza kutumika rasmi baadaye kidogo: jarida la Gavin lilianzisha chati ya redio yenye jina hilo mwaka 1995, na chama cha muziki huo kikaundwa mwaka 1999. Muziki ulitangulia na jina likaufuata, kwa sababu kulikuwa na waimbaji wengi wa namna ya Griffith ambao hawakuwa na mlango wa kuingilia.

Sasa nije kwa Townes Van Zandt na hayo masikio yako, ambayo nakuhakikishia hayana ubovu wowote.

Tecumseh Valley ni hadithi ya Caroline, binti wa mchimba makaa, anayeondoka kwao kutafuta kazi, akapata kibarua katika baa, akapokea habari kwamba baba yake amekufa, na kutoka hapo maisha yake yakaporomoka hadi mwisho. Unaposema ulisikiliza ule wa asili, ningekuuliza kwanza: upi? Van Zandt aliurekodi mwaka 1968 katika albamu yake ya kwanza, albamu ambayo ilipambwa kwa mwangwi na ala nyingi kiasi kwamba yeye mwenyewe hakuridhika nayo. Mwaka 1969 akaurekodi upya katika albamu ya pili, kwa utulivu zaidi. Mtunzi mwenyewe aliurudia wimbo wake kwa sababu rekodi ya kwanza haikuwa kile alichokuwa nacho kichwani. Ikiwa mwenye wimbo aliona kwamba rekodi iliyotangulia haikuwa na haki ya kuwa ndiyo wimbo, wewe ulazimike vipi kuinamia rekodi kwa kuwa tu ilitangulia?

Hapa ndipo penye kiini cha jambo lote, nami naomba uvumilivu wako kidogo. Wimbo na rekodi ni vitu viwili. Wimbo ni maneno na tuni, kitu ambacho unaweza kukibeba kichwani na kukiimba ukiwa jikoni. Rekodi ni tukio: sauti fulani, katika chumba fulani, siku fulani, kwa mwendo na ufunguo uliochaguliwa, na ala zilizokuwepo. Van Zandt alikuwa na sauti kavu, na alikuwa akiimba hadithi za kutisha kama mtu anayesoma taarifa. Humwonei huruma Caroline mara moja, huruma inakujia baadaye ukiwa umelala. Griffith alikuwa na sauti ya juu, nyembamba, na matamshi ya wazi kabisa, na kabla muziki haujampa riziki aliwahi kuwa mwalimu wa watoto wadogo, jambo ambalo mimi hulisikia katika kila silabi yake. Anaposimulia habari za Caroline, anasimulia kama mtu aliyemjua. Kwako, ambaye ulikuwa ukiisikia hadithi hiyo kwa mara ya kwanza na kwa lugha isiyo ya kwenu, ilikuwa lazima maneno yafike kwanza. Yalifika kupitia kwake. Huo si upungufu wa masikio.

Ningekuomba tu usiufunge mlango. Mrudie Van Zandt sasa kwa kuwa hadithi unaijua, na umsikilize katika rekodi ya mwaka 1969. Wengi niliowashauri hivyo wamekuta kwamba ule ukavu uliowachukiza mwanzoni ni namna ya kumheshimu marehemu. Si lazima na wewe uone hivyo.

Mfano wa pili unaonyesha zaidi jinsi kurudia kunavyoweza kubadili maana bila kubadili neno. Prine alipouimba Speed of the Sound of Loneliness peke yake, tulimsikia mwanamume aliyeumizwa akimlaumu mtu anayemkimbia, na sisi tukawa upande wake, kwa sababu hakukuwa na upande mwingine wa kusikiliza. Griffith alipouchukua, lawama hiyo sasa ilitoka kinywani mwa mwanamke. Kisha Prine mwenyewe akaja kuimba pembeni yake. Sasa maneno yaleyale yanatoka kwa watu wawili, kila mmoja akiweza kuwa ndiye mkimbiaji au ndiye aliyeachwa, na lawama inageuka kuwa maungamo ya pamoja. Kwa maoni yangu huo ndio wimbo bora kuliko yote katika albamu hii, na sijui kama Prine alipokuwa akiutunga alijua kwamba ulikuwa na chumba hicho cha pili ndani yake.

Na ukitaka kumtafuta wa kwanza kwa ukali ambao rafiki yako anaudai, utasafiri mbali sana. Boots of Spanish Leather wa Dylan una tuni inayofanana mno na wimbo wake mwingine, Girl from the North Country, na huo umejengwa juu ya Scarborough Fair, wimbo wa kale wa Uingereza ambao Dylan alijifunza London kutoka kwa Martin Carthy. Kabla ya Carthy kuna watu wasio na majina. Dylan hakuwa mwizi kwa kufanya hivyo. Alikuwa ndani ya desturi.

Swali la jasho sasa. Unadhani kwamba Griffith anaposikika, fedha zinakwenda kwake na watunzi wanabaki na njaa. Kwa sheria ya Marekani mambo ni karibu kinyume chake. Mwanzoni mwa karne ya 20 watu walikuwa wakinunua vinanda vinavyojipiga vyenyewe kwa kufuata karatasi zilizotobolewa. Watunzi wakadai malipo, na mwaka 1908 Mahakama Kuu ya Marekani ikasema kwamba karatasi hizo si nakala za wimbo kwa mujibu wa sheria iliyokuwapo. Bunge likaona kwamba watunzi wanaonewa, lakini likaogopa pia kwamba kampuni moja kubwa ikinunua haki za nyimbo zote itawafungia wengine wote nje. Ndipo sheria ya mwaka 1909 ikaweka njia ya kati ambayo ingali ikitumika: mtunzi akisharuhusu wimbo wake urekodiwe na kuuzwa mara moja, mtu mwingine yeyote anaweza kuurekodi bila kumwomba ruhusa, mradi amlipe kiwango kilichowekwa kwa kila nakala na asiugeuze wimbo ukawa kitu kingine. Kiwango cha kwanza kilikuwa senti 2, kikabaki hapo hadi mwaka 1977. Albamu yako ilipotoka kilikuwa kimefika senti 6 na kitu kwa wimbo mmoja. Zidisha hizo senti kwa nakala zilizouzwa, utaona kwamba kwa mtunzi kama Vince Bell au Frank Christian, ambao nyimbo zao zimo na ambao hawakuwa wakijaza viwanja, kuchaguliwa na Griffith ilikuwa baraka.

Kuna jambo jingine ambalo huwashangaza wengi. Redio za kawaida za Marekani, zile za mawimbi ya AM na FM, humlipa mtunzi wimbo unapopigwa, kupitia vyama kama ASCAP na BMI, lakini mwimbaji wa rekodi hiyo halipwi kitu. Kwa hiyo kila redio ya huko ilipoipiga sauti ya Griffith ikiimba wimbo wa Prine, aliyeandikiwa malipo ni Prine. Ukiuliza nani anakula jasho la nani, jibu linaweza kukuelemea upande usioutarajia.

Mpango huu, hata hivyo, una sharti moja: jina la mtunzi liwe limeandikwa, na liwe la kweli. Likikosekana jina, mashine yote hiyo ya senti na vyama inageuka kuwa chombo cha dhuluma, na inadhulumu kwa utaratibu na kwa stakabadhi. Hapo ndipo tunapofika kwenye wimbo wa mwisho wa CD yako.

Ndiyo, Wimoweh ni ule wa simba. Ulitungwa na Solomon Linda, Mzulu aliyekwenda Johannesburg kutafuta kazi, kama hao wote wanaoimbwa katika albamu hii. Aliurekodi mwaka 1939 kwa jina la Mbube, akiwa na kundi lake la Original Evening Birds, katika studio ya kampuni ya Gallo, ambako alikuwa pia mfanyakazi wa kawaida. Haki zake aliziuza kwa shilingi 10. Rekodi hiyo iliuzwa vizuri sana Afrika Kusini. Miaka kumi hivi baadaye nakala ikafika New York kwa Alan Lomax, mkusanyaji wa nyimbo, naye akampa Pete Seeger. Seeger aliupenda, akauandika kwa kusikiliza tu, kiitikio cha Kizulu akakisikia vibaya, na kosa hilo likawa jina jipya la wimbo. Kundi lake, The Weavers, likautoa mwanzoni mwa miaka ya 1950, na katika karatasi za hakimiliki sehemu ya mtunzi likajazwa jina Paul Campbell. Paul Campbell hakuwa mtu. Lilikuwa jina la kubuni ambalo kundi na wachapishaji wake walilitumia kwa nyimbo za kale walizozichukulia kuwa hazina mwenyewe. Lakini Linda alikuwa hai, na wimbo haukuwa wa kale. Mwaka 1961 The Tokens wakautoa ukiwa na maneno ya Kiingereza kuhusu simba aliyelala, juu ya tuni ambayo Linda aliitoa kifuani mwake mwishoni mwa ile rekodi ya mwaka 1939. Linda alifariki mwaka 1962, maskini.

Griffith aliurekodi pamoja na umati wa waimbaji, Odetta na Indigo Girls wakiwamo, kama wimbo wa kuagana. Alikuwa akiipa heshima njia aliyoijua, ya Seeger na The Weavers, na simtilii shaka nia yake. Mwaka 1993 wasikilizaji wachache sana nje ya Afrika Kusini walikuwa wakiijua habari nzima; mwandishi Rian Malan aliianika hadharani mwaka 2000. Mabinti wa Linda walifungua kesi, wakisimama juu ya kifungu cha sheria ya hakimiliki ya Uingereza ya mwaka 1911, sheria ambayo ilitawala pia makoloni yetu ya huku, iliyosema kwamba haki alizoziuza mtunzi zinarudi kwa warithi wake miaka 25 baada ya kifo chake. Mwaka 2006 wakafikia suluhu na kupewa malipo na kutambuliwa kwa jina la baba yao. Mimi siwezi kuusikiliza wimbo huo wa 17 bila uchungu, hasa kwa kuwa umewekwa mwishoni mwa albamu ambayo mahali pengine pote imejali mno nani alitunga nini. Fungua kile kijitabu cha CD na usome mwenyewe majina yaliyoandikwa mbele ya kila wimbo. Ukiwa na programu ya simu, tafuta sehemu inayoonyesha watunzi. Sisi tunapaswa kulielewa hili upesi kuliko Wamarekani, maana hata Malaika, ambao Miriam Makeba na Harry Belafonte waliuingiza katika albamu yao ya mwaka 1965, umeacha ubishi usiokwisha kati ya wanaomtaja Fadhili William na wanaomtaja Adam Salim.

Kwa hiyo, rafiki yako akikuuliza tena, mwambie kwamba kipimo chake ungependa kukibadilisha. Yeye anauliza ni nani aliyetangulia. Swali lenye manufaa zaidi ni kama aliyerudia amemtaja aliyetunga, na kama ameusikia wimbo kwa namna ambayo inatuongezea kitu.

Jinsi ya kusikiliza kuanzia hapa ni shauri lako, nami nitakueleza tu ninavyoona. Kuanza na wenye nyimbo, kama anavyotaka rafiki yako, kunakupa historia kwa mpangilio, lakini kunahitaji subira, na watu wengi hukata tamaa katikati ya rekodi za miaka ya 1960 ambazo sauti zake ni ngeni kwao. Kubaki na Griffith peke yake ni raha, ila utakosa mengi. Mimi ningechukua wimbo mmoja kwa wiki, nimsikilize Griffith, kisha mtunzi, kisha nirudi kwa Griffith. Katika kule kumrudia Griffith ndipo masikio hugundua ameharakisha wapi, ameacha nini na amelainisha nini. Anza na Prine, halafu Kate Wolf, ambaye sauti yake iko karibu na ladha yako. Van Zandt aje wa tatu.

Wala usidhani albamu haina kasoro kwa kuwa nimeitetea. Nyimbo 17 ni nyingi, na katikati mwendo unalegea. Wageni ni wengi kiasi kwamba baadhi yao unawasoma kwenye kijitabu kuliko unavyowasikia. Do Re Mi, kwa maoni yangu, umechangamka kupita kiasi kwa wimbo wa watu waliofukuzwa mpakani wakiwa na njaa. Ukimsikiliza Woody Guthrie mwenyewe katika rekodi ya mwaka 1940 utasikia hasira iliyofichwa chini ya mzaha, na hapo nitakuwa upande wa rafiki yako. Sauti ya Griffith nayo hugawanya watu, na asiyeipenda hashawishiki. Mwaka 1998 alitoa albamu ya pili ya namna hii, Other Voices, Too, ambayo ina uzuri wake ingawa mimi naiona imejaa watu zaidi kuliko ya kwanza. Mwenyewe alifariki Agosti 2021.

Kuhusu binti yako, kuimba nyumbani au kujifunza na wenzake hakuna atakayemsumbua. Kurekodi na kutoa kwa umma ni jambo jingine, na hapa naomba msifuate jibu la gazeti wala la rafiki. Ile leseni ya senti niliyoieleza ni ya sheria ya Marekani, msidhani inavuka bahari pamoja na wimbo. Akitaka pia kuyatafsiri maneno kwa Kiswahili, jambo ambalo nadhani kwaya nyingi hulifanya bila kufikiri, hiyo ni kazi mpya inayotokana na kazi ya mwingine na inahitaji idhini ya mwenye haki. Nendeni ana kwa ana kwa Bodi ya Hakimiliki ya Kenya, au kwa wakili anayeshughulika na hakimiliki, mkiwa na jina la wimbo, jina la mtunzi kama lilivyoandikwa kwenye kijitabu, jina la mchapishaji likiwepo, na maelezo ya mahali mnapokusudia kuutoa wimbo huo, iwe ni CD, redio au intaneti, kwa sababu kila njia inaweza kuwa na leseni yake. Nendeni kabla ya kulipia studio. Na kama atachagua Wimoweh, awaambie wazi kwamba anataka jina la Solomon Linda liandikwe, kisha aulize haki hizo kwa sasa ziko mikononi mwa nani.